Narudi kwenye kusikiliza muziki kwa utulivu: nifufue santuri au nihamie dijitali?

Mpenda_Tarumbeta, Tanga

Wakuu, habari za humu. Naomba ushauri wa wanaojua vyombo, maana mafundi wa mtaani kila mmoja ana lake.

Nataka tena kukaa sebuleni nisikilize muziki wenyewe, siyo simu na kispika cha Bluetooth. Vilivyopo: amplifaya ya zamani ya transista, wati 45 kila upande, nyuma imeandikwa volti 220–240, ina matundu ya PHONO, TUNER, AUX na TAPE. Haijawashwa miaka mingi. Spika mbili zenye wufa ya inchi 8, ukingo wa sponji. Sahani za inchi 7 (za mizunguko 45 kwa dakika) zipo kama 200, nyingi za dansi na rumba zilizochapishwa Nairobi miaka ya 70. LP, zile sahani kubwa za inchi 12, kama 60 za kila aina. Halafu kuna furushi la zile nzito za mizunguko 78, taarabu ya zamani. Laptop ninayo, intaneti ni ya bando.

Pleya sina. Nimeonyeshwa mbili za mtumba. Moja ni Technics SL-1200MK2 kutoka Japani, nyuma imeandikwa volti 100. Nyingine ni ya belti, ya Marekani, volti 120, hezi 60. Hii ya pili bei yake haifiki nusu ya ile ya kwanza, na muuzaji anasema nikitafuta transfoma ya kushusha umeme kazi imekwisha.

Rafiki mmoja anasema niachane na santuri, ninunue kigeuzi cha USB (kidude cha kugeuza faili za kompyuta kuwa sauti ya kuingia kwenye amplifaya) na nilipie huduma ya muziki mtandaoni, kwamba dijitali iliipita santuri tangu CD ilipotoka. Mwingine anaapa santuri ina utamu ambao CD haina. Nani yuko sahihi, na pesa niziweke wapi kwanza?

FundiSindano, Dar es Salaam

Mkuu, tuanze na hizo pleya, maana hapo ndipo watu wanapoliwa.

Hiyo ya Marekani iache. Muuzaji kasema nusu ya ukweli. Transfoma inashusha volti, haigusi hezi. Pleya nyingi za belti za zamani zina mota inayofuata mapigo ya umeme wenyewe. Kwao umeme ni hezi 60, kwetu 50. Ukiichomeka hapa, LP itazunguka mara 27.8 kwa dakika badala ya 33.3, na sahani ya 45 itashuka hadi 37.5. Muziki unashuka zaidi ya nusu-toni 3: mwimbaji wa kike anageuka mwanamume na gita la solo linakuwa kama limelowa. Dawa ni puli ya mota yenye kipenyo kikubwa kwa asilimia 20. Baadhi ya viwanda vilitoa puli ya hezi 50 kwa pleya zao, lakini kuipata leo ni kazi, na ukimpelekea fundi wa kukereza vyuma lazima awe mtu wa vipimo vidogo sana, la sivyo sahani itayumba. Pleya za belti zenye mota ya DC (umeme wa mkondo mmoja, kama wa betri) hazina tatizo hili. Hiyo yako, kwa vile imeandikiwa hezi 60 peke yake, usiihesabu kuwa mojawapo.

SL-1200MK2 haina belti. Kile kibao kinachobeba sahani ni sehemu ya mota yenyewe, na kasi inasimamiwa na kioo cha kwatzi ndani, kwa hiyo hezi haziihusu. Kinachohitajika ni volti 100 tu. Inakula chini ya wati 15, transfoma ya VA 50 (VA ni kipimo cha uwezo wake) inatosha, VA 100 ni starehe. Angalia jambo moja: transfoma nyingi za madukani hutoa 110, na umeme wa mtaani ukipanda hadi 250 zinatoa 115 au zaidi. Tafuta yenye tapu, yaani tundu la kutolea umeme, la volti 100. Ukishaipata, usiiweke karibu na pleya. Iweke umbali wa angalau mita moja, upande wa kushoto, mbali na mkono wa sindano, kwa sababu sumaku yake inanaswa na katriji (kile kidude kinachobeba sindano) na utasikia mngurumo usiokwisha.

Kabla ya kulipa, geuza uzito wa nyuma wa mkono mpaka mkono uelee wenyewe bila kupanda wala kushuka, kisha upulize kidogo. Unatakiwa uende na kurudi kama hakuna kinachoushika. Ukikwama mahali pamoja kila mara, beringi zimeliwa na hilo siyo la kutengeneza mezani. Shika pia kichwa cha katriji kwa vidole viwili na ukitikise kwa upole: kucheza kokote unakokisikia ni kasoro. Angalia waya mwembamba wa ethi (wa ardhini, wa kuzuia mngurumo) unaotoka pamoja na waya mbili za sauti. Wauzaji huukata wakidhani ni mabaki. Na huku kwetu pwani, pini nne zinazounganisha kichwa na mkono hushika kutu ya chumvi. Kifutio cha penseli kinazisafisha, usitumie msasa.

Katriji usinunue ya gharama kwa kuanzia. Audio-Technica AT-VM95E inafaa kabisa: inatoa milivolti 4 na sindano yake hukandamiza sahani kwa gramu 2. Faida yake kubwa ni kwamba mwili wa katriji ni ule ule kwa familia nzima ya VM95, unabadilisha sindano tu kwa kuichomoa. Ya kijani ndiyo E. Ya nyekundu, ML, inachongwa kwa umbo jembamba zaidi na huingia sehemu ya mfereji ambayo sindano butu za zamani hazikuigusa. Kwa sahani za 45 zilizopigwa kwenye baa kwa miaka, tofauti hiyo inasikika. E huhesabiwa saa 300, ML saa 1000, kwa hiyo bei ya ML siyo kubwa kama inavyoonekana dukani.

Kufunga: kwenye SL-1200 umbali kutoka pete ya mpira ya kichwa hadi ncha ya sindano ni milimita 52. Utawasikia wanaosema kipimo hicho ni cha kizamani na upange kwa karatasi za vipimo vya LP. Kwa LP wana hoja. Kwa 45 usiwasikilize. Kipimo cha 52 kinaifanya sindano ikae sambamba na mfereji pale karibu milimita 59 kutoka katikati ya sahani, na muziki wa sahani ya inchi 7 huishia karibu milimita 54. Karatasi nyingi za LP huweka pointi hiyo kwenye 66, na hapo ndipo "s" za waimbaji zinapoanza kuchanika mwishoni mwa wimbo.

Uzito: mkono ukishaelea sawasawa, geuza pete ya namba peke yake isome 0, ndipo uzungushe uzito na pete pamoja hadi 2. Hakikisha kwa kamzani kadogo ka sonara kanakosoma sehemu za mia za gramu. Kidude cha kuzuia mkono usivutwe kuelekea katikati kiwekee namba hiyo hiyo. Usipunguze uzito ukidhani unaihurumia sahani. Sindano nyepesi hurukaruka ndani ya mfereji na kuuchimba kuliko yenye uzito sahihi.

Waya za pleya ziingie PHONO, na waya wa ethi kwenye skrubu ya GND nyuma ya amplifaya. Ukizichomeka AUX utapata sauti ndogo, nyembamba, haina besi, na siyo ugonjwa. Wakati wa kuchonga santuri besi hupunguzwa na treble huongezwa, kwenye hezi 20 ni karibu desibeli 19 chini na kwenye kilohezi 20 karibu desibeli 20 juu. Saketi ya PHONO ndiyo inayorudisha kila kitu mahali pake.

Bint_Kisauni, Mombasa

Kaka yangu wa Tanga, Fundi amesema ya vyuma, mimi niseme ya sahani, kwani sindano mpya juu ya sahani chafu ni pesa ya bure.

La kwanza kabla ya yote: zitenge zile za 78. Hizo si plastiki, ni shelaki, na shelaki huyeyuka kwa spiriti. Mtu akikwambia utie isopropili (aina ya spiriti), hiyo ni ya sahani za vinaili pekee. Ukiimwagia ya 78 utaona rangi nyeusi inakuja na kitambaa, na muziki ndio huo unaofutika. Taarabu iliyoanza kunaswa na Siti binti Saad kule Bombay mwaka 1928 ilitoka kwenye sahani za namna hii, kwa hiyo soma lebo zote na uzipige picha kabla hujagusa maji. Kuzisafisha: maji safi yaliyokenekwa (distilled), tone moja la sabuni ya vyombo isiyo na rangi, kitambaa laini, zungusha kufuata mfereji, suuza, pangusa hapo hapo, simamisha zikauke kivulini. Lebo isiguse maji.

Za 45 na LP: lita moja ya maji yaliyokenekwa, mililita 200 za isopropili, matone mawili matatu ya sabuni. Tandika taulo mezani, paka kwa brashi laini, acha dakika moja au mbili, sugua kwa kuzunguka, kisha suuza kwa maji matupu yaliyokenekwa. Hiyo suuza ya mwisho watu huiruka, na sabuni iliyokauka mferejini ndiyo inayotoa sauti ya kukaanga. Maji ya bomba yana chokaa, ya kisima ya huku kwetu ni mabaya zaidi. Maji ya betri yanafaa, lakini soma chupa. Kuna yaliyo maji matupu na kuna yaliyotiwa asidi, na madukani zinawekwa rafu moja.

Ukungu ndio adui wa pwani. Huota juu ya alama za vidole na ndani ya bahasha za karatasi. Ukishaisafisha sahani usiirudishe kwenye bahasha ile ile. Bahasha ya asili ihifadhi kando, sahani itie kwenye mfuko mwepesi wa poliethilini. Ile mifuko ya plastiki mizito inayonata itupe, hutoa ukungu wa mafuta ambao hautoki. Sahani zisimamishwe wima, zisilazwe kwa mafungu, na kabati lisigusane na ukuta wa nje. Ndani weka vifuko vya silika, na ukiviona vimelowa vikaushe au uvibadilishe.

Sahani za tundu kubwa zataka kile kidude cha katikati cha milimita 38. Ukikikosa, usikisie katikati kwa jicho. Sahani ikikaa pembeni hata milimita moja, noti ndefu za tarumbeta zitapanda na kushuka na wewe utamlaumu fundi wa mota.

Na pleya yako haina kasi ya 78, hilo Fundi hakulisema. Wala sindano yake haifai. Mfereji wa 78 wataka ncha ya mikroni 76 hivi, ile ya LP ina mikroni 18 au pungufu, itazama hadi chini kwenye uchafu na yaweza kuharibika. Kwenye familia hiyo hiyo ya VM95 kuna sindano ya SP, hubebwa kwa gramu 5. Hapo usitegemee namba za pete, pima kwa mzani. Zirekodi kwa kasi ya 45 kwenye laptop kisha uongeze kasi mara 1.739.

Ohm_47, Nairobi

Sasa lile swali lenyewe.

Rafiki wa kwanza ana vipimo upande wake. CD, biti 16 kwa kilohezi 44.1, ina nafasi ya desibeli 96 kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa. LP nzuri, na kelele ya mfereji ikihesabiwa, ni 60 hadi 70. Utengano wa kushoto na kulia kwenye katriji ni desibeli 20 na kitu, kwenye dijitali hupita 90. Rafiki wa pili anasikia kitu cha kweli pia, ila anakipa sababu isiyo yake. Kuanzia miaka ya 90 CD nyingi zilitengenezwa kwa kubana sauti ili zisikike kubwa kuliko za jirani. LP ya zamani ya albamu ile ile ilitoka kwenye masta (rekodi mama ya kutolea nakala) isiyobanwa. Anachokipenda ni masta.

Kuna jaribio la kumaliza ubishi huu na halina gharama. Rekodi santuri moja kupitia TAPE OUT kwa biti 24, kilohezi 96. Rudisha faili hilo kwenye AUX, sawazisha sauti ya vyote viwili, kisha mtu mwingine akubadilishie bila wewe kuona. Kusawazisha ndiyo siri: tofauti ya desibeli moja tu na sikio litachagua iliyo juu kila mara, na kuiita tamu. Wengi hawatofautishi. Faili la dijitali hubeba utamu wa santuri pamoja na mikwaruzo yake. Santuri haiwezi kubeba kila kilichomo kwenye faili.

Kwa hiyo usichague kwa jina la teknolojia, chagua kwa kuangalia nakala bora ya kila muziki iko wapi. Sahani zako za 45 za Nairobi ndizo chanzo. Baadhi ya unazozikuta mtandaoni zimenakiliwa kutoka kwa santuri zilizochoka kuliko zako, sikiliza sekunde za kwanza utasikia chakarachakara. Wimbo wa bendi ya Tanzania pia waweza kuwa na rekodi mbili tofauti kabisa, moja ya mkanda wa Radio Tanzania Dar es Salaam na nyingine iliyofanywa Nairobi kwa ajili ya sahani, na kupata moja si kupata nyingine. Hizo zinastahili pleya. Lakini LP yako ya muziki wa Ulaya iliyouzwa kwa mamilioni? Ipo kwenye CD na kwenye huduma za mtandaoni, safi, na hutaichosha. LP mpya za leo nyingi hutengenezwa kutoka faili za dijitali. Kuzinunua kwa ajili ya sauti ni kuzunguka mbuyu.

Bando: muziki wa ubora wa CD usiopotezwa kitu hula megabaiti 300 hadi 400 kwa saa. Wa kilobiti 320 hula 144. Pakua ukiwa kwenye Wi-Fi. Kutoka laptop tumia kigeuzi cha USB na waya. Vigeuzi vingi hutoa volti 2, na AUX ya amplifaya ya miaka ile ilitengenezewa milivolti 150 au 200, ndiyo maana ukigusa kitufe cha sauti kidogo nyumba inatetemeka. Punguza kwenye kompyuta kwa desibeli 10 au 12, biti 24 zina nafasi ya kutosha.

Kurekodi: kadi ya sauti ya USB yenye matundu ya LINE, programu ya Audacity, biti 24, kilohezi 96. Kilele kisipite desibeli 6 chini ya sifuri, ukipima kwenye sehemu yenye kelele zaidi ya wimbo, kwa kawaida pale kwenye chemko (sehemu wimbo unapochangamka) tarumbeta zinapoingia. Mshindo wa sindano kutua usiuhesabu. Faili ghafi litakula kama megabaiti 35 kwa dakika, ukilibana kwa FLAC (mfumo wa kubana faili bila kupoteza sauti) ni karibu nusu. Lihifadhi bila kuligusa. Kazi zote za kusafisha zifanye kwenye nakala.

Sahani nyingi za 45 za kipindi hicho ni mono. Ukichanganya njia mbili kuwa moja, kelele inashuka kwa karibu desibeli 3, kwa sababu muziki ni ule ule pande zote na kelele sio. Na mngurumo wa mota unaoitikisa sindano juu na chini unajifuta. Ila toa mikwaruzo kwanza, ndipo uchanganye. Mkwaruzo mara nyingi uko ukuta mmoja wa mfereji, programu inauona kirahisi ukiwa bado peke yake.

Nyimbo zilizokatwa, nusu upande A na nusu upande B, ziache kama faili mbili kisha utengeneze la tatu la kuunganisha. Mara nyingi upande A hufifia na B huanza nyuma kidogo ya pale, utapata baa kadhaa zinazojirudia. Panga kwa mpigo wa hi-hat (yale matoazi mawili ya drams), siyo kwa sauti ya mwimbaji. Na tafadhali usirekebishe kasi ili gita lifuate A ya hezi 440, noti ya kawaida ya kutyunia. Bendi zilifuatana zenyewe, hakuna aliyebeba mashine ya kutyuni. Andika namba ya lebo na ile iliyochongwa karibu na katikati ya sahani kwenye jina la faili.

Zeze_la_Kale, Morogoro

Ohm, umeongea vizuri lakini umemnyima mtu raha. Ukiweka santuri unasikiliza upande mzima. Kwenye simu unaruka wimbo kabla solo haijaanza. Hilo nalo lina uzito kwa mtu aliyesema anataka utulivu.

Ohm_47, Nairobi

Sikatai. Ila hiyo ni tabia ya msikilizaji. Weka simu chumba kingine, utasikiliza CD nzima vile vile.

FundiSindano, Dar es Salaam

Mnabishania sindano na spika bado zina sponji bovu. Mkuu wa Tanga, swali lako la pesa ziende wapi kwanza: spika. Bonyeza ukingo wa sponji kwa kidole. Ukiacha shimo au unga, umekwisha, na kwa umri huo na unyevu wa Tanga sitashangaa. Usiwashe. Koni isiyoshikwa inakwenda kombo, koili inasugua sumaku na kuungua, na hapo hutengenezi tena, unanunua. Pete mpya za sponji au mpira zinapatikana. Chukua za mpira kama uzito wa koni unaruhusu, hazili unyevu. Usipime kwa "inchi 8", pima kipenyo cha koni yenyewe kwa milimita, kwa sababu inchi 8 za viwanda viwili hazilingani. Toa sponji na gundi yote ya zamani, bandika kwenye koni kwanza, kesho yake kwenye fremu, na wakati wa fremu piga sauti ya hezi 30 kwa chini kabisa huku ukisogeza koni hadi usisikie kukwaruza. Hapo ndipo katikati.

Amplifaya isiyowashwa miaka usiichomeke moja kwa moja ukutani. Funga balbu ya nyuzi ya wati 60 kwa mfululizo kwenye waya wa umeme. Balbu ikiwaka sana kisha ikafifia, sawa, kapasita zinajaa. Ikibaki inawaka kwa nguvu, zima, kuna shoti ndani. Ikishapita hapo, pima volti ya DC kwenye matundu ya spika bila kufunga spika. Chini ya milivolti 50 endelea. Juu ya 100 mpelekee fundi kabla haijaichoma wufa uliyoivisha jana. Vitufe vinavyokoroma vipulizie dawa ya kusafishia kontakti na uzungushe mara nyingi. WD-40 siyo dawa hiyo.

Mpenda_Tarumbeta, Tanga

Nashukuruni sana, dada wa Mombasa pia. Technics imeshafika, spika zimevishwa mpira, amplifaya ilisoma milivolti 18 na 23. Santuri inalia vizuri stereo. Nikibonyeza kitufe cha MONO kwenye amplifaya, mwimbaji anapotea na besi inakwisha, inabaki kelele na mwangwi. Na kuna mngurumo mdogo unaozidi nikishika mkono wa sindano. Katriji ni VM95E.

FundiSindano, Dar es Salaam

Waya mbili zimepishana kwenye katriji. Njia moja inasukuma wakati nyingine inavuta, ukizichanganya zinafutana. Toa kichwa ukiangalie kwa nyuma: nyeupe ni kushoto chanya, bluu kushoto hasi, nyekundu kulia chanya, kijani kulia hasi, na herufi za L na R zimeandikwa kwenye katriji. Tumia kibano, shika kile kichuma cha mwisho, siyo waya. Usitumie joto la kulehemu karibu na pini za katriji, koili ndani ni nyembamba kuliko unywele na inakatika. Ukimaliza pima tena ile 52, kwa sababu katriji itakuwa imesogea.

Mngurumo unaozidi ukishika mkono ni ethi. Fungua skrubu ya GND, kwangua oksidi kwenye kile kichwa cha waya na kwenye skrubu, kaza kwa koleo. Kama hauishi, chomoa laptop ukutani itumie betri yake. Ukikatika, tatizo ni ethi mbili zinazokutana kupitia waya wa kadi ya sauti, na dawa ni kuchomeka laptop na amplifaya kwenye ubao mmoja wa soketi.

Bint_Kisauni, Mombasa

Na hiyo sahani ya kujaribia iwe ya kawaida tu. Usizijaribie zile za Nairobi mpaka MONO imetoa sauti iliyojaa.